Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba, na elimu ya kuipasua pua

 

Ndugu wasomaji, miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa hapa Chuno, alitujia mzazi mmoja akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka mitano. Mtoto yule hupumua kwa mdomo, hukoroma usiku kama mtu mzima, na wakati mwingine pumzi hukatika akiwa usingizini, kisha hushtuka. Hospitali walimwambia kuwa ana nyama za puani na kwamba inafaa apasuliwe. Baba aliogopa nusu kaputi. Bibi alisema hakuna cha hospitali, mtoto apelekwe kwa fundi akakatwe kimeo, mambo yaishe. Na shangazi aliuliza kama si dhambi kugusa umbile la Mwenyezi Mungu. Yote matatu tuliletewa sisi kwa pamoja, tukiwa tumesimama mlangoni pa msikiti na viatu vyetu mkononi.

Tulimjibu kwa ufupi siku ile, tukamwahidi kuwa jambo hili tutaliandikia. Tukaona kuwa badala ya kutoa hukumu kavu, ni bora tusimulie maisha ya mtu aliyelishughulikia jambo hili hasa, pua na koo na kisu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtu huyo ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, ambaye watu wa Ulaya walimwita Abulcasis.

Alizaliwa Andalusi, nchi ambayo leo ni Hispania, kiasi cha mwaka 936, katika mji wa Madinat Az-Zahra, na jina lake la Az-Zahrawi limetokana na mji huo. Inasemekana pia kuwa nasaba yake inarudi kwa Ansari wa Madina, na ndiyo maana baadhi ya vitabu humwita Al-Ansari. Madinat Az-Zahra haukuwa mji wa kawaida. Ulianza kujengwa mwaka huo huo wa 936, sawa na mwaka 325 Hijria, kwa amri ya Khalifa Abdulrahman wa Tatu, chini ya mlima, kilometa chache magharibi ya Qurtuba. Palikuwa na kasri, msikiti, bustani, karakana na nyumba za watumishi wa dola. Kwa hiyo mtoto huyu na mji wake walikua pamoja, na kama tutakavyoona, waliondoka duniani kwa kukaribiana.

Qurtuba ya wakati ule ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia. Khalifa aliyefuata, Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 961 hadi 976, alikuwa mpenzi wa vitabu kupita kiasi, na wanahistoria hutaja kuwa maktaba yake ilikuwa na mijalada laki nne. Hata tukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, bado ni maktaba ambayo vyuo vikuu vingi vya Afrika ya leo havina. Vitabu vya Wayunani vilikwisha kufasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, na nakala zake zilifika Andalusi. Hapo ndipo Az-Zahrawi aliposomea.

Habari za maisha yake ya nyumbani hazikuandikwa kwa wingi. Hatuna simulizi za utoto wake, wala majina ya wanawe. Mwanachuoni Al-Humaydi, aliyefariki mwaka 1095, alimtaja katika kitabu chake cha wasifu wa wanazuoni wa Andalusi, akaisifu kazi yake. Hata hivyo mtu huyu alijiandika mwenyewe bila kukusudia, maana katika kitabu chake cha utabibu ameingiza visa vingi vya wagonjwa aliowaona: nani alipona, nani alikufa, na wapi yeye alikataa kugusa. Anayekisoma humwona mzee mwenye subira aliyekaa miaka kiasi cha hamsini akitibu watu, na ambaye hakuona haya kusema kwamba jambo fulani halitibiki.

Kitabu hicho kinaitwa At-Tasrif, na jina lake refu lina maana ya kwamba kimetungwa kwa ajili ya yule aliyeshindwa kujikusanyia elimu hii peke yake. Alikimaliza kiasi cha mwaka 1000. Kina sehemu 30. Ndani yake mna maradhi, dawa za kuchanganya, vyakula vya wagonjwa, hata manukato na mambo ya kujipamba. Lakini kilichomtangaza duniani ni sehemu ya mwisho, ya 30, inayohusu kazi ya mkono, yaani upasuaji. Sehemu hiyo ameigawa katika milango mitatu: kuunguza kwa chuma cha moto, kupasua kwa kisu, na kuunga mifupa. Na humo amechora kiasi cha vyombo 200, kimoja kimoja, ili fundi wa chuma aweze kukifua na mwanafunzi aweze kukishika. Visu, kulabu, misumeno, sindano, vibanio. Kabla yake watu walivieleza vyombo kwa maneno tu.

Mwanzoni mwa sehemu hiyo anazungumza na wanafunzi wake kama baba na wanawe. Analalamika kuwa katika nchi yake na zama zake fundi stadi wa upasuaji hakuna, na anaitaja sababu: watu wanashika kisu bila kujua umbile la mwili, mifupa imekaaje, mishipa ya damu inapita wapi, na mishipa ya fahamu wapi. Kisha anatoa mifano, na mifano hiyo inauma. Anasimulia habari za tabibu mjinga aliyepasua uvimbe kwenye shingo ya mwanamke, akakata mishipa mikubwa ya damu, na mwanamke akamfia mikononi. Anasimulia pia habari za mzee aliyekuwa na jiwe kubwa katika kibofu. Az-Zahrawi mwenyewe aliitwa kwanza, akalitazama jiwe na udhaifu wa mzee, akaona kuwa akipasuliwa atakufa. Akakataa. Tabibu mwingine akakubali, akalivuta jiwe pamoja na kipande cha kibofu, na haukupita muda mrefu mzee akafariki.

Hapa tungependa msomaji asimame kidogo. Sisi tumezoea kumsifu tabibu kwa wale aliowapasua. Huyu anastahiki kusifiwa pia kwa mzee aliyekataa kumpasua. Aliwaonya wanafunzi wake wasiingie katika hatari kwa tamaa ya mali, wala wasimpasue mtu ambaye ugonjwa wake hawaujui. Kwa hiyo, anayeambiwa leo kuwa anahitaji kupasuliwa pua ana haki ya kuuliza: ugonjwa wangu unaitwa nini, umeujuaje, nini kitatokea nisipopasuliwa, na je, kuna dawa ya kujaribu kwanza? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Tuje sasa kwenye pua. Az-Zahrawi ameandika juu ya nyama zinazoota ndani ya pua. Anazifananisha na mdudu mwenye miguu mingi, kwa jinsi zinavyojigawa. Kisha anatofautisha, na hapa ndipo ulipo ustadi wake. Zipo nyama laini, zisizokuwa na rangi mbaya, hizo hutolewa. Na zipo ngumu, zenye rangi ya giza, ambazo alizihesabu kuwa ni saratani, na hizo alikataza zisiguswe kwa chuma. Mgonjwa hukalishwa akielekea jua, maana taa ya kumulika ndani ya pua haikuwapo, tabibu akaipanua pua, akaishika ile nyama kwa kulabu, akaivuta nje na kuikata kwa kisu kikali. Zikibaki juu, mahali kisu hakifiki, alitumia uzi wenye mafundo: huingizwa puani, ukatokezea kooni na kutolewa mdomoni, kisha huvutwa huku na huku kama msumeno mpaka nyama ikatike. Baadaye hutia puani siki iliyochanganywa na maji kwa chombo maalumu alichokichora, kilichofanana na taa ndogo. Kimiminika kikishuka hadi kooni, alijua njia imefunguka. Kisiposhuka, alijua ndani bado imo.

Na yote haya bila ya nusu kaputi. Mwenyezi Mungu atupe shukurani.

Leo madaktari wa masikio, pua na koo huingiza kamera nyembamba puani na kuona kila pembe. Lakini swali la kwanza limebaki lile lile la Az-Zahrawi: nyama hii ni ya namna gani? Kwa watoto, kinachoitwa nyama za puani mara nyingi ni tezi zilizoko nyuma ya pua, juu ya koo. Kila mtoto anazo, ni sehemu ya kinga ya mwili, na hupungua zenyewe mtoto anapokua. Zikivimba kiasi cha kuziba pumzi usiku, au kuleta maradhi ya masikio yasiyokwisha, ndipo huondolewa, na huondolewa kupitia mdomoni, wala uso haukatwi. Kwa watu wazima huota vinyama laini kutokana na mzio na uvimbe wa muda mrefu, na hivyo mara nyingi hujaribiwa kwanza dawa ya kupuliza puani. Hata vikipasuliwa vinaweza kurudi, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema asije akadhani amedhulumiwa. Ama mtu mzima ambaye pua imemziba upande mmoja tu, na upande huo unatoa damu, huyo asikae nyumbani akinusa dawa. Aende akachunguzwe haraka, kwani hiyo yaweza kuwa ile aina ngumu aliyoihofia Az-Zahrawi. Na mtoto mdogo ambaye tundu moja la pua linatoa uchafu wenye harufu mbaya, mara nyingi ameingiza kitu humo, ushanga au punje ya mahindi. Huyo dawa yake ni kutolewa kitu hicho na mwenye chombo cha kukitoa, wala mzazi asikichokonoe kwa kijiti nyumbani.

Katika mlango wa mifupa ameandika juu ya pua iliyovunjika. Anaeleza kuwa sehemu ya juu ya pua ni mifupa, na ya chini ni gegedu, na kwamba gegedu halivunjiki kama mfupa bali hupondeka na kupinda. Tabibu huingiza kidole kidogo ndani ya tundu la pua, na kwa vidole vya nje hulinyoosha umbo. Kidole kisipofika, hutumia kijiti kinene kiasi. Kisha ndani huweka tambi za kitambaa, na katikati huweza kuweka unyoya wa bata bukini ulio mtupu ndani, uliozungushiwa kitambaa, ili mgonjwa aendelee kupumua. Na amesema kazi hii ifanywe siku ya kwanza ikiwezekana. Ikishindikana, isubiri mpaka uvimbe upungue, baada ya siku ya saba au ya kumi.

Tulipoisoma sehemu hii kwa mara ya kwanza tulimkumbuka kijana mmoja wa madrasa yetu aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho, pua ikapinda. Wazazi wake walimkanda kwa maji ya chumvi, wakasubiri, wakamkanda tena. Alipofikishwa hospitali ulikuwa mwezi wa pili, mfupa umekwisha kushika vibaya, na kunyoosha kwa mkono hakuwezekani tena. Muda anaoutaja Az-Zahrawi haupishani sana na ule wanaoutumia madaktari wa leo: saa za mwanzo kabla ya uvimbe, au baada ya uvimbe kushuka, na kwa kawaida zisipite wiki mbili. Hapa Mtwara, kwa ajali za bodaboda na za mpira, somo hili linatuhusu sana. Na kuna jambo moja ambalo halisubiri hata siku mbili: baada ya kipigo, damu ikijikusanya katika ukuta wa kati wa pua, pua huziba kabisa na kuuma, na ukitazama ndani unaona uvimbe laini. Damu hiyo isipotolewa haraka, gegedu hufa na pua hudidimia. Mtoto wa namna hiyo apelekwe siku hiyo hiyo, iwe ni Ligula au kwingineko.

Ama kimeo, ambacho bibi wa yule mtoto alikitaja, Az-Zahrawi amekiandikia pia. Alikijua, alikikata, na amechora chombo chake. Lakini tazameni mipaka aliyoiweka. Kikiwa kimevimba, chekundu na chenye damu, alikataza kisikatwe, kwa kuogopa damu isiyozuilika. Alikubali kukata kile kilichorefuka na kuwa chembamba na cheupe, na hata hicho akataka ikatwe ile ziada tu, kwani ukikata zaidi unaharibu sauti na matamshi. Sasa linganisheni na fundi wa mtaani anayekata kimeo cha mtoto mchanga kwa sababu anakohoa, kwa kisu alichokatia wengine asubuhi ile ile. Watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa wamepungukiwa damu baada ya kukatwa kimeo ni jambo linalojulikana kwa madaktari wa nchi yetu, na pamoja na damu kuna pepopunda na maradhi mengine yanayopita katika kisu. Mtoto anayekohoa muda mrefu huenda ana kifua kikuu, pumu au homa ya mapafu, na kimeo chake hakina hatia. Tunasema wazi kuwa mila hii haina asili katika dini, na mzee wa karne ya kumi angeishangaa.

Liko jambo jingine katika At-Tasrif ambalo kila anayepasuliwa pua anapaswa kulijua. Az-Zahrawi anataja kijiji ambacho wanaume wake walikuwa wakipata jeraha damu haikatiki mpaka wanakufa, na watoto waliosuguliwa ufizi wakavuja damu mpaka wakafa. Aliona kuwa jambo hili liko katika jamaa moja, kwa wanaume. Leo tunajua kuwa ni ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, na maelezo yake ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa duniani. Basi kabla ya upasuaji mwambie daktari kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyetoka damu kupita kiasi alipotahiriwa, alipong'olewa jino au alipojifungua. Pua ina mishipa mingi ya damu, na habari moja ya ukoo yaweza kuokoa roho. Mwambie pia kuhusu siko seli, pumu, kisukari, presha na ujauzito. Mtajie dawa unazotumia, hasa asprini na dawa za kuzuia damu kuganda, na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe bali kwa maelekezo yake. Na hapa tunawakumbusha ndugu zetu kuwa habbat sauda, vidonge vya kitunguu saumu na mitishamba mingineyo nayo ni dawa. Wengi wetu tukiulizwa tunatumia dawa gani tunajibu hakuna, kumbe mfukoni mna chupa tatu. Kama umeumikwa siku za karibuni, sema. Kama unavuta sigara, sema, na uache, maana moshi huchelewesha kidonda kupona.

Kuhusu nusu kaputi, hofu ya baba yule haikuwa ya bure, lakini kinga yake imo mikononi mwake mwenyewe. Mtoto huambiwa asile chakula saa sita kabla, maziwa ya mama huachwa saa nne kabla, na maji matupu saa mbili kabla, au kama hospitali itakavyoelekeza. Huruma ya mama au bibi hapa ndiyo hatari kubwa. Mtoto analia njaa alfajiri, anapewa uji kidogo kwa siri, kisha wanakaa kimya. Akiwa amelala kwa dawa, uji ule huweza kupanda na kuingia katika mapafu. Aliyempa asifiche. Upasuaji utaahirishwa na mtoto atarudi siku nyingine akiwa hai. Na kabla ya siku hiyo muulizeni mtoa usingizi, ambaye ni mtu mwingine mbali na mpasuaji, ni nani atakayekaa na mtoto mpaka aamke.

Tukija kwenye swali la shangazi, la kubadilisha umbile, jibu lake lina mwanzo wake katika zama za Mtume (S.A.W.). Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua yake katika vita vya Kulab, wakati wa Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza achukue ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Habari hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Maulamaa wamechukua humo kuwa kurudisha kiungo kilichopotea na kuondoa aibu ya mwili ni halali. Mwaka 2007, huko Putrajaya nchini Malaysia, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilijadili upasuaji wa urembo na kupambanua: kutengeneza kilichoharibiwa na ajali, ugonjwa au kasoro ya kuzaliwa kunaruhusiwa, ama kubadilisha umbile zima lisilo na kasoro kwa kufuata matamanio au kuwaiga wengine hakuruhusiwi. Kwa hiyo mtoto anayepata pumzi kwa upasuaji, na kijana wa mkorosho anayenyooshewa pua, hawamo katika makatazo. Msichana mwenye pua nzima anayeiona kuwa ni pana mno, kwa kuwa si kama aliyoiona katika simu, huyo tunamwomba azungumze kwanza na mama yake. Na hata kwa mwenye haki ya kutengenezwa umbo la pua, madaktari hungoja uso umalize kukua, kiasi cha miaka 15 au 16 kwa msichana na 17 au 18 kwa mvulana, isipokuwa kuwe na dharura. Ajue pia kuwa uvimbe hauishi haraka. Plasta hukaa kiasi cha wiki, michubuko wiki mbili, na umbo la mwisho huweza kuchukua mwaka mzima kutulia. Wapo wanaolazimika kurudi kupasuliwa mara ya pili.

Swali ambalo madaktari hawaulizwi, na sisi huulizwa, ni la ibada. Mwenye kidonda puani huzuiwa kuinama, kunyanyua vitu vizito na kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, kwani damu hurudi. Je, sijida? Akielezwa na tabibu mwaminifu kuwa kusujudu kutamdhuru, ataswali kwa ishara, akiinamisha kichwa kwa kadiri isiyomdhuru, na swala yake ni sahihi. Kupandisha maji puani katika udhu ni sunna katika madhehebu yetu ya Shafi, basi akiacha udhu wake umetimia. Mwenye plasta usoni ana hukumu zake za kupangusa na kutayamamu, na amwendee mwalimu wake kabla ya siku ya upasuaji, si baada. Tumeona wagonjwa waliosujudu kwa nguvu siku ya pili kwa kudhani kuwa ndiyo uchamungu, wakarudishwa hospitali na damu.

Turudi kwa mzee wetu. Mwishoni mwa umri wake nchi ilivurugika. Fitina ya Andalusi ilizuka mwaka 1009, majeshi yakapigana yenyewe kwa yenyewe, na mwaka 1010 Madinat Az-Zahra ukavamiwa na kuporwa. Mji aliozaliwa nao ukawa magofu naye akiwa hai. Yeye inakadiriwa alifariki kiasi cha mwaka 1013, sawa na 404 Hijria, mwaka ambao Qurtuba nayo iliporwa.

Kitabu kilisalimika. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini, na kwa karne nyingi wapasuaji wa Ulaya waliisoma. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 14, alimtaja Az-Zahrawi tena na tena katika kitabu chake. Mwaka 1465 tabibu wa Kituruki, Sherefeddin Sabuncuoglu, alitunga kitabu cha upasuaji kilichojengwa juu yake, chenye picha za wagonjwa na matabibu. Mwaka 1497 tafsiri ya Kilatini ilipigwa chapa huko Venice, na mwaka 1778 Kiarabu chake kilichapishwa Oxford pamoja na Kilatini.

Elimu hiyo ilipita mikono mingi hadi kutufikia. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote mafundi wa kutengeneza nyuso zilizoharibika, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Wazo lao lilizaliwa katika shamba la Wood, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, baada ya kuona wagonjwa walioungua, waliojeruhiwa na wanyama na waliozaliwa na kasoro, bila ya mpasuaji wa karibu. Sidhani kama walikuwa na At-Tasrif mezani. Lakini vyombo walivyovishika, kulabu na vibanio na visu vidogo, jamaa zake wamo katika michoro ya mzee wa Qurtuba.

Yule mtoto wa Chuno alipasuliwa. Bibi yake ndiye aliyelala naye wodini, na uji hakumpa.